Chuuk: kwa nini waliosoma Marekani walirudi, na kwa nini waliofuata hawarudi

Mwaka 1972 sheria mpya ya elimu ya Marekani iliwaingiza vijana wa visiwa vya Mikronesia, katika Bahari ya Pasifiki, vilivyokuwa chini ya udhamini wa Marekani, kwenye ruzuku za chuo walizokuwa wakipewa wanafunzi maskini wa Marekani yenyewe. Kijana wa Truk, kama Chuuk ilivyoitwa wakati ule, aliweza sasa kujaza fomu kisiwani kwao, na baada ya miezi kadhaa akajikuta kwenye bweni la chuo kidogo huko Missouri, Oregon au Texas, anajifunza kuvaa koti. Miaka michache nyuma waliotoka Truk kwenda chuo walihesabika kwa vidole. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 walikuwa mamia, kutoka mahali ambapo sensa ya 1980 ilikuta watu wasiofika 40,000.

Hofu iliyozuka unaweza kuikisia. Wazazi, walimu na maofisa wa utawala waliona visiwa vinamwagwa vijana wake: wataondoka, wataonja maisha ya kule, basi tena. Padri Francis Hezel, Mjesuiti aliyefika Chuuk mwaka 1963 na baadaye kuongoza kwa miongo kadhaa taasisi ya utafiti ya Micronesian Seminar, alikuwa miongoni mwa waliofuatilia vijana hawa waliishia wapi. Hofu haikutimia. Walirudi kwa wingi, wenye shahada na walioacha masomo njiani, tena wakarudi mahali ambapo kazi za kuwatosha hazikuwepo.

Halafu, miaka kama kumi na tano baadaye, watu wa visiwa vilevile na koo zilezile wakaanza kuondoka na kubaki hukohuko.

Kisa hiki nakishikilia kwa sababu kinavunja jibu tulilozoea kulitoa kila tunapozungumzia wasomi wasiorudi makwao: wanafuata hela. Mshahara wa Marekani ulikuwa mkubwa kuliko wa Chuuk mwaka 1975, pengine kwa tofauti kubwa zaidi machoni mwa kijana wa kisiwani kuliko ilivyo leo. Kama hela peke yake ndiyo inayovuta, wale wa 1975 wangebaki. Lazima kuna kitu kingine kilichogeuka.

Kwanza mahali penyewe. Chuuk ni moja ya majimbo manne ya Shirikisho la Mikronesia, pamoja na Yap, Pohnpei na Kosrae. Katikati yake kuna lagoni kubwa, yaani bahari tulivu iliyozungushiwa mwamba wa matumbawe, na ndani ya lagoni hiyo vimesimama visiwa vya milima: Weno ulipo mji na uwanja wa ndege, Tonoas, Fefan, Uman, Tol na vingine. Nje ya lagoni, mbali baharini, kuna visiwa vidogo vya mchanga na minazi, kama Mortlock na Namonuito, ambako meli ikichelewa watu wanahesabu siku.

Msomaji wa Tanzania, Rwanda au Burundi ana sababu ya kuitambua historia hii, maana inaanza pamoja na ya kwetu. Ujerumani, ileile iliyoitawala Afrika Mashariki yake, ilivinunua visiwa vya Caroline, Chuuk ikiwemo, kutoka Hispania mwaka 1899. Vita vya kwanza vilipoinyang'anya makoloni, Tanganyika ikaenda kwa Mwingereza, Ruanda-Urundi kwa Mbelgiji, Mikronesia kwa Mjapani. Baada ya vita vya pili zote zikawekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Mikronesia ikakabidhiwa Marekani mwaka 1947. Tanganyika ilitoka kwenye udhamini mwaka 1961, Rwanda na Burundi mwaka uliofuata. Mikronesia iliendelea kuwa chini ya mdhamini, na kipande chake cha mwisho, Palau, hakikutoka hadi 1994. Kwa hiyo wakati kijana wa Dar es Salaam anasomea shahada ili ashike ofisi aliyoiacha mkoloni, kijana wa Truk alikuwa anasoma huku mdhamini bado yupo, tena anaongeza bajeti.

Wanafunzi wa kwanza walirudi bila kujiuliza mara mbili, na sababu yao haina fumbo. Tosiwo Nakayama alizaliwa 1931 katika visiwa vya Namonuito, baba Mjapani na mama wa kisiwani. Katika miaka ya 1950 alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Hawaii. Aliporudi alikuwa mmoja wa watu wachache katika Truk nzima walioweza kukaa meza moja na ofisa wa Kimarekani na kumjibu kwa lugha yake. Akaingia Bunge la Mikronesia, akaongoza mkutano wa kuandika katiba uliofanyika Saipan mwaka 1975, na mwaka 1979 akawa rais wa kwanza wa Shirikisho. Watu wa rika lake walikuta nafasi nyingi kuliko watu wa kuzijaza. Ukisoma, unarudi, unapewa ofisi. Katiba waliyoiandika ina sentensi inayosema bahari inawaleta pamoja, haiwatenganishi, na nadhani ni watu waliokwisha kuivuka wakarudi tu wangeweza kuiandika kwa imani hiyo.

Shule iliyotoa wengi wa waliofuata ni Xavier, kule Weno. Jengo lake linastahili kutazamwa kwa karibu. Wajapani walilijenga kuwa kituo cha mawasiliano ya redio, kuta za zege nene, madirisha ya kufungwa kwa chuma, na mabomu ya Wamarekani ya Februari 1944 yaliyozamisha meli nyingi ndani ya lagoni yaliliacha limesimama. Mwaka 1952 Wajesuiti wakaanza kufundisha humo. Kijana alitoka kisiwa cha nje kwa meli, akalala ndani ya ngome ya vita vya watu wengine, akasoma kwa Kiingereza kwa miaka minne, na mlangoni akaiona lagoni nzima chini yake. Tangu siku hiyo ya kwanza alikuwa tayari yuko mbali na kwao. Chuo cha Marekani kilikuwa hatua ya pili ya safari aliyokwisha kuianza.

Rika la miaka ya 1970 ndilo lenye fumbo. Hawa walikuwa wengi, na kila mmoja wao alijua kuwa ofisi za serikali hazina viti mamia. Kwa nini walirudi?

Jibu la kwanza ni la sheria, na watu hulipita haraka mno. Mtu wa visiwa vya udhamini hakuwa raia wa Marekani, wala hakuwa na haki ya kuhamia huko afanye kazi apendavyo. Alikuwa mwanafunzi. Masomo yakiisha, ruhusa inaisha. Wapo waliojificha, wapo waliooa huko, lakini njia pana ilielekea nyumbani.

Sheria hata hivyo haielezi furaha waliyorudi nayo. Safari kwa mtu wa Chuuk ina mwisho wake. Hawa ni watu wa bahari, na wale wa visiwa vya magharibi kama Polowat wanajulikana hadi leo kwa kuongoza mashua za tanga kwa nyota na mawimbi bila chombo chochote. Kijana huenda baharini, hukaa kisiwa cha watu, huona, hurudi akiwa mtu mzima mwenye la kusimulia. Mabaharia wa Lamu au wa Pemba wataielewa habari hii bila kufafanuliwa. Chuo kiliingia ndani ya mazoea hayo. Kwenda Missouri ilikuwa safari ndefu kuliko nyingine, na heshima yake ilikusanywa gatini, mbele ya watu wanaokujua jina la mama yako. Ukibaki Missouri, nani atajua kwamba umesafiri?

Na nyumbani hakuna aliyelala njaa kwa kukosa ajira. Chuuk hufuata ukoo wa upande wa mama. Ardhi, miti ya shelisheli, sehemu ya mwamba ya kuvulia, vyote ni vya ukoo, na aliyezaliwa na mwanamke wa ukoo ana haki ya kula. Msimu wa shelisheli ukifika wanaume hupika kwa wingi, kisha hukaa mbele ya ubao mpana na kuponda kwa mchi uliochongwa kwenye jiwe la matumbawe, pigo baada ya pigo, hadi shelisheli inakuwa donge laini linalovutika. Hilo huitwa kón. Hufungwa kwenye majani na kupelekwa nyumba kwa nyumba, kwa wajomba, kwa wazee, kwa mchungaji. Kijana mwenye shahada ya sosholojia na asiye na kazi aliweza kushika mchi, akaponda, akala, akahesabika kuwa mtu. Sijui mahali pengi duniani ambapo msomi asiye na ajira hupokewa hivyo.

Zaidi ya yote, waliamini kazi itapatikana, na imani hiyo ilikuwa na msingi. Mwaka 1962 Marekani ilipandisha kiwango cha juu cha fedha za visiwa hivi kutoka dola milioni 7.5 kwa mwaka hadi 17.5, na baada ya hapo kikaendelea kupanda. Kila fedha ilipoongezeka, serikali iliongeza walimu, makarani, wauguzi, wasimamizi wa miradi. Uchumi wa mbata na samaki haukukua, lakini mishahara ilikua. Rika la 1975 lilirudi kwenye nyumba ambayo kila mwaka ilikuwa inaongezwa chumba.

Tarehe 3 Novemba 1986 Mkataba wa Ushirika Huru kati ya Shirikisho la Mikronesia na Marekani ulianza kazi, na mambo mawili yaligeuka kwa pamoja. Raia wa Shirikisho alipata haki ya kuingia Marekani na maeneo yake bila viza, akaishi, akasoma, akafanya kazi, kwa muda autakao. Marekani, kwa upande wake, ilibaki na mamlaka ya ulinzi juu ya eneo kubwa la bahari. Fedha zikaahidiwa kwa miaka kumi na tano, ila kwa mpango wa kupungua kila baada ya miaka mitano. Mlango ukafunguliwa upande wa nje, na upande wa ndani vyumba vikaacha kuongezwa.

Wa kwanza kutoka hawakuwa wasomi, na hili ni la kukumbukwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 vijana wa Chuuk walimiminika Guam, kisiwa cha Marekani katika Pasifiki hiyohiyo, ambako hoteli za watalii wa Kijapani zilikuwa zinajengwa na mikono ilihitajika. Wengi hawakuwa na chuo kabisa. Wenye shahada walikuwa wamekaa kwenye viti vyao vya serikali kule Weno, na viti vile ndivyo vilivyowashika. Mdogo wao aliyemaliza chuo mwaka 1990 alikuta viti vimejaa watu wenye umri wa miaka arobaini, watakaostaafu baada ya miaka ishirini. Katikati ya miaka ya 1990 hazina ya Chuuk ikaishiwa, madeni yakalundikana, saa za kazi za watumishi zikapunguzwa. Kwa mhitimu anayeamua arudi au abaki, habari hiyo ilitosha.

Nikiishia hapo nitakuwa nimerudi kwenye jibu la hela. Kilichonishangaza zaidi ni kilichoupata ukoo.

Mwaka 1975 mama alipomwandikia mwanawe barua alimwambia rudi. Ukoo ulimhitaji kwa mwili wake: achimbe, avue, aponde, akae kwenye kikao, asimame na ndugu zake kunapotokea ugomvi wa ardhi. Aliye mbali hakuwa na msaada. Mwaka 1995 mahitaji yalikuwa yamehama. Mchele unanunuliwa, mafuta ya injini ya boti yananunuliwa, ada ya shule, mabati, matanga, vyote vinataka pesa taslimu, na mshahara wa serikali uliokuwa ukilisha nyumba tatu umepunguzwa. Sasa mtoto aliye Honolulu akiwa na kazi ya kufua mashuka ya hoteli ana faida kwa ukoo kuliko mtoto aliyekaa Weno na shahada yake. Mama yuleyule, kwa upendo uleule, anamwambia subiri kwanza. Mdogo wako anakuja, mpokee. Bibi anaumwa, mtafutie daktari huko.

Ndiyo hoja yangu yote. Waliorudi na waliobaki walitii sauti moja. Ukoo ndio uliowaita nyumbani na ukoo ndio unaowaweka nje, na wanaosema kizazi cha sasa kimepoteza mapenzi ya kwao wanakikosea sana.

Ukitaka kuona sauti hiyo inavyofanya kazi, tazama msiba. Mtu wa Chuuk akifa Guam, Hawaii au Oregon, ndugu hukusanyika usiku baada ya usiku, wanaimba, wanakula pamoja, na bahasha zinapita. Gharama ya kusafirisha mwili ni kubwa: jeneza, hati, ndege ile inayoruka kisiwa hadi kisiwa kati ya Honolulu na Guam ikitua Majuro, Pohnpei na Weno, kisha boti hadi kisiwa chenyewe. Mtu wa kawaida hawezi peke yake. Hulipwa na wale waliobaki nje. Mswahili aliye Muscat, Leicester au Minneapolis, aliyewahi kuchangia maiti irudi Zanzibar au Moroni, anaijua bahasha hiyo. Na azingatie hesabu yake: mwili mmoja unarudi kwa sababu watu hamsini hawajarudi.

Mwanafunzi ana nafasi ya pekee katika hili kwa kuwa wakati mwingine ndiye aliyetangulia. Kwa majirani zao wa Visiwa vya Marshall habari hii iko wazi kabisa: Mmarshall mmoja alikwenda Oklahoma kusoma mwishoni mwa miaka ya 1970, akaishia kufanya kazi ya kiwanda cha kuku huko Springdale, Arkansas, ndugu wakamfuata, na leo Springdale ina maelfu ya Wamarshall. Kwa watu wa Chuuk ziko njia zilizoanza kinyume chake. Milan ni mji mdogo wa Minnesota wenye watu wasiofika 500. Kijana wake mmoja alikwenda kujitolea kisiwani Romanum, ndani ya lagoni ya Chuuk, katika miaka ya 1970. Baada ya mwaka 2000 watu wa Romanum wakaanza kuhamia Milan, kwenye baridi ya kugandisha ziwa zima, hadi wakawa karibu nusu ya mji. Hakuna aliyeichagua Minnesota kwenye ramani. Walimfuata mtu waliyemjua.

Hapo ndipo naona sera za kuwarudisha wasomi zinapokosea. Serikali nyingi, za visiwani na za kwetu, humfunga mwanafunzi kwa mkataba wa masomo: ukimaliza rudi utumikie miaka kadhaa, la sivyo lipa. Mkataba wa namna hiyo unazungumza na mtu mmoja. Uamuzi wa kurudi Chuuk haufanywi na mtu mmoja. Shangazi anayelea watoto wake, kaka anayelala sebuleni kwake, deni la jeneza la mjomba, wote wana kura. Ukitaka arudi, uliza kwanza ni nani atakayepata hasara akirudi.

Wapo wanaorudi hata sasa. Hurudi mwalimu aliyehakikishiwa nafasi, muuguzi, mtu anayetazamiwa kushika uongozi wa ukoo, binti ambaye ardhi inapitia kwake na asipokuwepo mipaka itasogezwa. Hurudi pia waliochoka kudharauliwa, maana Hawaii imewatendea vibaya watu hawa: matusi shuleni, nyumba za kupanga wanazonyimwa, lawama kila uhalifu unapotokea. Mwaka 1996 Bunge la Marekani liliwaondoa kwenye bima ya afya ya serikali ya Medicaid ingawa wanafanya kazi na kulipa kodi, na haki hiyo haikurudishwa hadi Desemba 2020. Miaka 24. Watu walikaa hata hivyo, wengi kwa sababu ya mgonjwa wa figo au kisukari ambaye nyumbani hakuwa na tiba, na hilo linanionyesha uzito wa kilichowashikilia.

Hesabu za sensa zinasema lililobaki. Chuuk ilikuwa na watu 53,595 mwaka 2000. Mwaka 2010 walikuwa 48,654, katika jimbo ambalo watoto wanazaliwa kwa wingi. Utafiti ulioongozwa na Hezel mwaka 2012 ulikadiria kuwa watu wa Shirikisho wapatao 50,000 walikuwa wakiishi Marekani na maeneo yake, yaani karibu theluthi ya taifa zima. Mkataba uliongezwa mwaka 2003, ukaongezwa tena mwaka 2024 kwa miaka ishirini, na mlango uko wazi kama ulivyokuwa.

Wanaonihangaisha mimi sasa ni watoto wao. Mtoto wa Kichuuk aliyezaliwa Honolulu ni raia wa Marekani kwa kuzaliwa. Katiba ya 1979 ilimtaka mwenye uraia wa nchi mbili achague ndani ya miaka mitatu baada ya kutimiza miaka 18, na asiyeukana uraia wa pili alishuka kwenye hadhi iliyo chini ya uraia kamili. Katiba hiyohiyo inamzuia asiye raia kumiliki ardhi. Rika la akina Nakayama, walioiandika wakiwa wamerudi, waliogopa mgeni mwenye fedha atakayekuja kununua kisiwa. Aliyefika mlangoni ni mjukuu wa dada yao, anayesoma chuo akiwa kwao Marekani, na mama yake ana miti ya shelisheli huko Fefan ambayo mjukuu huyo hajawahi kuiona.